Kigoda cha Lihanga

Kola ya shati la Kasmiri ilikatwa kwa kufuata karatasi yenye majina ya watu waliokwisha kufa, na kama nisingekuwa nasubiri lori, shati hilo lingeshonwa, likavaliwa, likachakaa bila yeye kujua.

Ilikuwa Agosti mwaka 1957. Lori lililonileta Ifakara lilikuwa limevunjika springi, na springi nyingine ilikuwa njiani kutoka Morogoro, au ndivyo dereva alivyotuambia. Nimesubiri magari, meli na treni katika miji mingi, nami nimejifunza kwamba mahali pazuri pa kusubiri ni kwa fundi cherehani: pana kivuli, pana maneno, na hakuna anayekuuliza unanunua nini. Fundi wa pale aliitwa Hermenegildi. Mashine yake ilikaa barazani mwa duka, na ukutani, kwenye msumari, alitundika vipimo vyake vya kola na mifuko, vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi ngumu ya manjano. Karatasi hiyo aliirithi. Babu yake alikuwa karani wa jumbe wakati wa Wajerumani, akapita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya mtoni kuwahesabu watu kwa ajili ya kodi ya nyumba, na hesabu zake akaziandika katika daftari nene, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika makarani wengi wa siku zile. Mjukuu alisoma misheni. Herufi zile kwake zilikuwa nakshi tu, na karatasi nzuri haitupwi.

Nikachukua kipimo kimoja cha kola, nikasoma kwa sauti ili kupoteza muda.

"Lihanga wa Mofu. Analala ng'ambo. Mke mmoja. Watoto wawili wa kiume."

Mteja aliyekuwa akijaribishwa shati aligeuka ghafla, pini ikamchoma shingoni.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Lihanga ni mimi," akasema.

"Mtani, tulia," Hermenegildi alimwambia, pini nyingine mdomoni. "Karatasi hiyo imekuzidi umri. Na ukitikisika tena nitakushona pamoja na shati."

Lakini yule kijana hakutulia. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, shati likiwa na mkono mmoja tu, akaniomba nimweleze kila neno. Kwa kuwa nilikuwa na siku nzima, na yeye alionekana mtu aliyekosa wa kumwambia, hadithi yake nikaipata kidogokidogo.

Alibatizwa Kasmiri. Alikuwa na miaka kama ishirini na tisa, mkulima wa mpunga wa Mofu kama baba yake. Lakini katika ukoo wao jina la mkubwa wa nyumba halizikwi na mwenyewe. Siku ya kumaliza matanga wazee humkalisha mtu mmoja kwenye kigoda cha marehemu, wakampaka unga kwenye paji la uso, wakamwita kwa jina lile, na tangu hapo yeye ndiye. Baba yake alikuwa Lihanga. Babu yake alikuwa Lihanga. Miaka mitatu iliyopita walimkalisha yeye.

Jina hilo lilikuja na mashamba, na mashamba yalikuja na sharti moja. Lihanga halali ng'ambo ya mto. Hadithi yao ilisema kwamba hapo zamani sana Lihanga mmoja alivuka, akalala kwa rafiki zake upande wa pili, na usiku huohuo moto ukateketeza nyumba na watoto waliokuwamo. Ukoo ukaapa. Mchana Lihanga anaweza kwenda atakako, mradi jua likizama awe upande wa Mofu. Na hata mchana nyumba yake haiachwi tupu. Akitoka, kigoda chake huwekwa karibu na moto, na mgeni akipiga hodi huambiwa, "Ameketi."

Sharti hilo halikumsumbua Kasmiri mpaka mwaka mmoja uliopita. Mkewe, Emerensiana, alikuwa mtu wa ng'ambo, mtoto pekee wa mzee Dionisi. Mzee huyo alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa, na hapakuwa na wa kumlisha. Emerensiana akabeba watoto wao wawili, Digna na mdogo wake, akaenda kumuuguza. Kiangazi Kasmiri aliweza kuondoka alfajiri kwa mtumbwi, akatembea bonde lote, akafika mchana, akala na wanawe, kisha akainuka kuwahi jua. Masika bonde huwa bahari. Hakuna mtu anayekwenda na kurudi siku moja. Masika yaliyopita hakuwaona kabisa, na alipofika mwezi wa sita mtoto mdogo alimkimbia akajificha nyuma ya mama yake.

"Mke wangu amesema neno moja," aliniambia. "Masika haya yakija hujahamia, yakiisha usije tena."

"Na ukihamia?"

"Baba mdogo Sebastiani amesema na yeye. Nikilala ng'ambo, ukoo unachukua mashamba, na siku nikifa wasiitwe. Nilimweleza padri. Padri akasema kigoda ni mti tu, upuuzi. Sawa. Lakini padri hachimbi kaburi peke yake."

Hermenegildi aliondoa pini mdomoni. "Na huku babu yako alikuwa analala ng'ambo, na imeandikwa! Ninyi watu wa Mofu mnajifanya watakatifu wa mto, kumbe mzee alikuwa anatoroka kama paka."

"Hilo daftari lililobaki liko wapi?" Kasmiri aliuliza.

Fundi akalitoa chini ya mashine. Lilikuwa limekonda, nusu yake imeshakuwa makola ya wanaume wa Ifakara. Tulilipekua mpaka adhuhuri, nikisoma, Kasmiri akiwa ameinama begani kwangu kana kwamba macho yake yangeweza kuisaidia midomo yangu. Vipande vilivyokatwa tulivitandaza chini tukaviunganisha tulivyoweza. Niliwakuta watu wa vijiji vyote vya mtoni, nyumba baada ya nyumba: mke mmoja, wake wawili, mjane, kipofu, "huyu amekwenda kuwinga ndege wasile mpunga." Karani yule alikuwa mwangalifu. Kila nyumba aliandika nani amelala humo.

Kisha, katika hesabu ileile, mwezi uleule, upande wa Mofu, nikasoma: "Lihanga. Yumo ndani, ameketi. Mtoto wa kike mmoja."

"Babu alikuwa mlevi," Hermenegildi alisema. "Amemhesabu mtu mmoja pande mbili za mto."

Kasmiri hakucheka. Alikitazama kile kipimo cha kola, akalitazama daftari.

"Hakulewa," alisema. "Upande mmoja alimhesabu babu yangu. Upande wa pili alihesabu kigoda."

Aliniomba niende naye Mofu nikasome mbele ya Sebastiani. Nilimuuliza kwa nini asimchukue mtu mwingine anayejua herufi zile, maana Ifakara walikuwapo. Akanijibu kwamba alitaka msomaji ambaye baadaye ataondoka. Springi haikuwa imefika, nikaazima baiskeli.

Nyumba ya Lihanga ilikuwa mwisho wa kijiji, mahali ambapo mashamba yanaanza kushuka kuelekea mtoni. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, mabua yamebaki, na madungu ya kuwingia ndege yalisimama matupu juu ya miguu yake mirefu. Kabla hatujafika mlangoni Kasmiri alipiga hodi, nyumba yake mwenyewe, ili nisikie.

"Karibuni!" sauti ya mwanamke ikajibu. "Ameketi!"

Ndani kulikuwa na moto wa kuni mbili, kigoda cha mninga kilichong'azwa na makalio ya wanaume watatu, na mwanamke wa miaka hamsini na kitu akichambua mchele. Huyu alikuwa shangazi yake Kasmiri, Aurelia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ahaa, mwenyewe anapiga hodi kwake. Na mgeni umemleta bila kuku wa kumchinjia."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kauli za haraka, na hakutoka nje ya mlango kumpokea mgeni kama ilivyo desturi. Alinyoosha mkono akiwa ndani ya kizingiti. Niliona, nikadhani ni maumivu ya miguu.

Sebastiani aliitwa, akaja na fimbo, mtu mwembamba mwenye rozari shingoni. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa. Kwenye kigoda hakukaa mtu. Nikasoma karatasi zote mbili, ya kola na ya daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono, akaishika ile kola, akaiweka shingoni mwake.

"Inanitosha," alisema. "Kasmiri, mwanangu, umetoka Ifakara mpaka hapa kuja kunionyesha kipande cha shati?"

"Baba mdogo, ni hesabu ya serikali."

"Serikali ile ilihesabu na kuku. Iko wapi?" Akanigeukia. "Bwana mgeni, usichukie. Wewe umesoma kilichoandikwa. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Baba yangu akiwa amelala huko ng'ambo, karani alipokuja hapa akapiga hodi, nani alimjibu? Kigoda hakina mdomo. Kama hakuna aliyejibu, basi baba alikuwapo, na huyo wa ng'ambo ni Lihanga wa watu wengine."

Hilo Kasmiri hakuwa amelifikiria.

"Mimi," Aurelia alisema.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Dada, wewe ulikuwa mtoto," Sebastiani alisema.

"Si imeandikwa hapo? Mtoto wa kike mmoja. Ulidhani ni nani, mama yako? Mama yangu mimi alikufa kwenye njaa iliyokuja baada ya vita ya maji. Baba akapata mke ng'ambo. Wazazi wa mwanamke yule walikuwa wagonjwa, hawakumruhusu kuja. Wazee wa hapa hawakumruhusu baba kwenda. Basi akanikalisha pale ulipokaa wewe sasa, akaweka kigoda hapa, akakifunika blanketi lake, akaniambia: Mtu yeyote akija, alfajiri au usiku, wewe sema ameketi. Usitoke mlangoni. Ukitoka, nyumba imekosa sauti. Wale askari wa kodi walikuja alfajiri. Mbwa wao alikuwa mkubwa kunizidi mimi. Nikasema ameketi. Karani akachungulia, akaona blanketi, akaandika."

"Na wazee?" Kasmiri aliuliza.

"Wazee walikuwa na masikio. Walisikia ameketi, ikawatosha."

Sebastiani alikuwa ameikamata fimbo kwa mikono miwili. "Mama yangu mimi ni mtu wa hapa."

"Mama yako alivukishwa wazazi wake walipokwisha kufa. Ninyi wawili, wewe na marehemu kaka yetu, ndio watoto wawili wa kiume wa kwenye hiyo kola yako. Marehemu alikuja kwa miguu yake. Wewe Sebastiani ulikuja mgongoni, meno ukiwa nayo manne, ukanitapikia. Ng'ambo unakokukataza ndiko ulikozaliwa."

Kuku aliingia, akadonoa mchele uliomwagika, hakuna aliyemfukuza. Sebastiani aliivua kola shingoni akaiweka juu ya goti lake na kuilaza vizuri, kama mtu anayekunja nguo ya msiba. Nilimhurumia. Nimewaona watu wakigundua mambo ya aina hii katika nchi kubwa zaidi na nyumba kubwa zaidi, na uso huwa ni uleule.

Lakini alikuwa mzee wa ukoo, na mzee wa ukoo hukaa juu ya neno lake kama kuku juu ya mayai.

"Vizuri," alisema hatimaye. "Kumbe kuna njia, na baba ndiye aliyeikata. Sitakuwa mkali kumzidi baba. Kasmiri avuke. Lakini kigoda kijibiwe, kama kilivyojibiwa. Na dada yangu amezeeka. Leo yupo, kesho hayupo. Mlete Digna aanze kujifunza."

Digna alikuwa hajatimiza miaka sita.

Niliona Kasmiri anakitazama kizingiti cha mlango. Halafu akamtazama shangazi yake, na nadhani ndipo alipoyaona yale ambayo mimi niliyadhania maumivu ya miguu. Aliniambia baadaye kwamba tangu utotoni alijua shangazi hendi kisimani, hendi kwenye ngoma, Jumapili anasali sala zake ndani, na kwamba watu walisema alikataa wanaume wote kwa kiburi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hakuna mwanaume aliyeruhusiwa kumtoa.

"Simleti," Kasmiri alisema. "Bora nilale hapa mpaka nife."

"Basi lala," Sebastiani alisema, akainuka. "Karani wa hii hesabu mpya ya watu ya serikali anapita kesho kutwa asubuhi. Mimi nitakuwa mlangoni. Nikisikia jina limelala nyumbani, sina neno na mtu. Nisiposikia, tusilaumiane."

Alipokwisha kwenda, Kasmiri alikaa pembeni ya moto, shati lake jipya likiwa bado halina kola. Aurelia alipuliza kuni.

"Kesho jioni vuka," alisema.

"Shangazi, umesikia anachotaka."

"Nimesikia. Mimi bado nina sauti. Mtoto usimlete, hata akutumie wajumbe saba. Akikuuliza, mwambie Digna anaumwa. Mwakani mwambie anaumwa tena."

"Na ukifa?"

"Nikifa, kipasueni kuni hicho. Mninga unawaka vizuri. Mpikie watu wa msiba wali washibe, wasiondoke wakinisema."

"Twende wote. Mtumbwi unabeba watu watatu."

Alicheka kwa pua. "Niende ng'ambo nikafanye nini, nikakae kwenye kizingiti cha Dionisi? Mimi hata mto wenyewe sijauona, Kasmiri. Nausikia masika tu, ukija karibu."

Nyumba ile iko umbali ambao mtu angeweza kumwita mwenziwe aliye mtoni akamsikia.

Kesho yake jua lilipoanza kushuka, Kasmiri alishuka nalo. Sikumsindikiza. Niliona tu kichwa chake kikipita kati ya madungu, mara mbili kikageuka, mara ya tatu hakikugeuka. Mimi nililala kwa Apolinari, mwalimu wa shule ya kijiji, ambaye serikali ilimpa kazi ya kuhesabu watu wa Mofu. Asubuhi tulitoka pamoja. Alikuwa kijana nadhifu, penseli mbili mfukoni, na kila nyumba aliuliza kwanza lilelile: nani amelala hapa usiku wa kuamkia leo?

Sebastiani alikuwa amesimama nje ya nyumba ya Lihanga, mgongo kwenye ukuta, kando ya mlango. Alitusalimu kwa kichwa.

"Hodi," Apolinari alisema.

"Karibu, mwalimu. Ameketi."

Aliingia, nami nyuma yake. Kigoda kilikuwa karibu na moto, blanketi limetandikwa juu yake, na mbele yake sahani ya uji, ya pili baada ya ile ya Aurelia. Mwalimu alikaa juu ya kinu, akafungua karatasi zake gotini.

"Mama, nani amelala hapa usiku wa kuamkia leo?"

"Mimi na Lihanga."

Apolinari alikitazama kigoda. Yeye ni mtu wa bonde hilihili. Alijua Kasmiri yuko wapi, na alijua kwamba saa ileile mwalimu mwenziwe wa ng'ambo anamwandika Kasmiri katika nyumba ya Dionisi, pamoja na mke na watoto wawili. Siku zote tatu za mafunzo walikuwa wameonywa juu ya mtu kuhesabiwa mara mbili. Penseli ilikaa hewani. Nje fimbo ya Sebastiani ilikwaruza ukuta.

"Mama," alisema polepole, "niandike watu wangapi?"

"Wawili. Babu zenu waliandika hivyohivyo."

Mwalimu aliinama akaandika.

"Umri wa Lihanga?"

Aurelia alifikiri. "Ananizidi mimi."

"Kazi yake?"

"Kukaa."

Apolinari aliuma mdomo asicheke, akaandika kitu. Nje, Sebastiani alikohoa.

"Wawili," alisema kwa sauti, kama anayewaambia watu wengi. "Nimesikia. Jina limelala nyumbani. Kasmiri na alale anakotaka." Tukasikia fimbo yake ikiondoka, ikigonga njia kuelekea kwake.

Aurelia alilivuta blanketi lililokuwa likitaka kuteleza, akalirudisha begani pa kigoda, kama kigoda kingekuwa na bega. Uso wake ulikuwa mtulivu. Nilidhani tumemaliza, nikainuka. Lakini Apolinari alikuwa na karatasi yenye mistari, na mstari wa pili haukuwa na kitu bado.

"Sasa wewe, mama. Jina?"

"Aurelia."

"Umri?"

Akamtajia, kwa kukisia.

"Umeolewa?"

Mkono wake ulibaki juu ya blanketi. Alitazama mlango uliokuwa wazi, mwanga wa asubuhi umefika mpaka kwenye kizingiti ukaishia hapo.

"Bado," alisema.